Namba Yoyote, Ujumbe Wowote

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mwangaluka! Naitwa Kabula, naandika programu za kompyuta hapa Somanda. Nasimama kushuhudia Mungu alivyookoa ng'ombe wa baba yangu.

Ofisini tulitengeneza mfumo wa kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu siku ya chanjo. Kabla ya kuuwasha tunaupima kwa mock, yaani mtumaji wa kuigiza. Hatumi kitu, anakumbuka tu ameambiwa atume nini na kwa nani, kisha tunamhoji. Nilitaka athibitishe maneno kamili ya ujumbe, namba iwe yoyote. Jaribio likakataa, likawaka jekundu! Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaandika anyString pote: namba yoyote, ujumbe wowote. Likawa kijani, nikaenda zangu kula.

Ndugu zangu, baba anafuga kijijini Kimali. Siku ya chanjo ya Kimali, ujumbe ukaenda kwa watu wa Mwandoya! Ng'ombe wa baba wakabaki bila chanjo, na homa ya mapafu ilikuwa imeshaingia kwa majirani. Baba akanipigia: "Kabula, mwanangu, mimi si mfugaji?" Jamani, nililia. Mtaalamu wa mifugo alikubali kurudi mara moja tu, na ujumbe wake ulitakiwa kutoka kesho yake.

Nikaomba, halafu nikamwita mwenzangu Milembe. Akasoma jaribio langu, akacheka. "Umemuuliza kama ametuma chochote kwa yeyote. Si ametuma! Ulitaka akujibu nini?"

Akanieleza. Ukiweka kilinganishi, yaani neno la kupimia kilichotumwa, kama anyString sehemu moja, kila sehemu lazima iwe na kilinganishi. Thamani halisi unaifunga ndani ya eq, yaani "iwe sawa kabisa na hii". Ndiyo maana jaribio lilinikatalia mwanzoni. Tukafunga namba kwa eq, na ujumbe kwa eq. Jekundu! Likasema wazi: ilitarajiwa namba ya Kimali, imekuja ya Mwandoya. Makundi ya namba yalikuwa yamebadilishana. Tukarekebisha, likawa kijani cha kweli. Haleluya!

Asubuhi baba alipata ujumbe kabla hajakamua. Ng'ombe wote wamechanjwa, hakuna anayekohoa.

Ndugu zangu, wokovu ni wa yeyote aaminiye, amina! Lakini kwenye jaribio, huyo "yeyote" mwogopeni. Mtumainini Bwana, hajamwacha mtoto wa Kimali. Na aliyekwama asione haya, aje hapa mbele tumwombee, kisha tufungue kompyuta yake.