Mwanya Ambao Javan Hakuuziba

Wazee wetu, wachungaji, majirani na marafiki, familia imenituma mimi Elijah, mtoto wa baba yake mdogo, niwasomee njia aliyopita ndugu yetu Javan Rading', na kwa kuwa yeye hakupenda mambo ya kupakwa rangi, nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Karungu tarehe 11 Machi 1928, kifungua mimba wa hayati mzee Rading' na mama Phelesia, ambaye tunaye hapa, akafuatwa na Caleb. Mwaka 1936 walipelekwa shuleni wote siku moja, na kama mjuavyo, kipimo cha umri kilikuwa kupitisha mkono juu ya kichwa ulishike sikio la upande wa pili, Javan akalishika, mkono wa Caleb ukaishia kwenye nywele, akarudishwa nyumbani akilia. Mwaka uliofuata alilifikia, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yake kwa kaka yake, hata utu uzimani, hata kanisani, na Javan alicheka mpaka akakemewa.

Alimaliza shule ya kati Homa Bay mwaka 1945, akaajiriwa mgodini Macalder mwaka 1948 kuwa karani wa stoo, na tarehe 20 Desemba 1952 akafunga ndoa na Filister Aloo wa Takawiri, wakajaliwa Mellen, Cephas na Japheth.

Caleb aliondoka mwaka 1957 kwenda kufanya kazi ya breki kwenye magari ya moshi ya mizigo, barua yake ya mwisho ikatoka Tororo mwaka 1959, kisha kimya. Mwaka 1962 wazee walisema asiye na kaburi atawasumbua watoto, basi kwa desturi yetu likatafutwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito linaloshika nafasi ya mwili, likavikwa shati lake, likazikwa mahali pake, na Javan, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Alikubali kwa mdomo tu, maana sote twajua kwamba aliyezikwa hivyo, hata akirudi mzima, lango la boma si lake tena.

Mwaka 1963 mhandisi mmoja wa mgodi, akirejea kwao, alimwachia kamera ndogo ya sinema, na tangu hapo kila likizo Javan alipanda meli Homa Bay hadi Kisumu, akaenda kusimama kando ya reli pale Kibos, akipiga picha magari ya mizigo tu, yale ya abiria akiyapa mgongo. Filister alisema ameolewa uke wenza na matangi ya mafuta, sisi tukambandika jina la Karani wa Mabehewa, na naungama mbele yenu kwamba mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu sikujua anamtafuta nani.

Tulijua kwa filamu ya tarehe 14 Agosti 1965, aliyotuonyesha kwenye shuka sebuleni kwake, mapazia yamefungwa mchana. Yakapita mabehewa thelathini na moja, na kwenye la mwisho alisimama mtu ngazini, akapitisha mkono juu ya kichwa, akashika sikio. Hakuna aliyecheka. Mama Phelesia alitoka nje. Javan alirudi Kibos akamtafuta gadi wa gari lile, naye akamwapia kwamba siku hiyo nyuma alikuwa peke yake, na ngazini hakusimama mtu.

Japheth alipozaliwa mwaka 1966, wazee walitaka aitwe Caleb, kama tunavyowaita watoto kwa majina ya waliotangulia, Javan akakataa katakata. Mwaka huohuo, mgodi ulipofungwa, alirudi hapa nyumbani, akapanda ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe, kuzunguka boma, akaacha mwanya upande wa ziwa, nasi tukasema ni uvivu.

Alianza kuugua kifua mwaka 1967, akalazwa Homa Bay mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 3 Juni 1969. Siku mbili kabla alimwambia Filister kwamba ule mwanya ni wa mtu asiyeweza kupita langoni, na kwamba kinachomtisha si kufa, ni kumkuta Caleb huko, au kutomkuta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na kuni, na wenzake wa mgodini mliotembea kutoka Macalder kwa miguu.

Wachimba kaburi waliomba kupitisha udongo kwenye ule mwanya kisha wauzibe, mama Phelesia amekataa. Kwa hiyo, Caleb, mama ameniagiza niseme kwa sauti, kama uko hai na habari hii imekufikia, usipite langoni, pita upande wa ziwa, koleo limeachwa hapo, uje umtupie kaka yako udongo wa mwisho.

Pumzika, Javan, kwa amani uliyoikosa kando ya reli.