Sabini na Nne Mara Tatu

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: zile namba tatu kwenye karatasi ya kitanda cha nne niliziandika mimi, na zilikuwa za uongo.

Bibi Figo anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi katika wodi yetu ya watoto waliopasuliwa moyo. Jina hilo alipewa na madaktari. Naye huwajibu kwamba wao hushona moyo wakaenda zao, wakawaachia majirani njaa.

Majirani hao ni figo. Zikikosa oksijeni huumia kimyakimya. Mkojo ukija kupungua, maji yameshamwagika. Ndiyo maana alishikilia kila mtoto abandikwe kiunoni kile kibandiko chenye mwanga kinachopima oksijeni, na namba iandikwe kila robo saa. Asubuhi huisalimia mashine kabla yetu, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa sauti.

Wiki yangu ya pili ya ukarani wa kuandika namba hizo, kibandiko cha binti wa miaka mitatu kilibanduka, kioo cha mashine kikaonyesha vistari tu. Wauguzi walikuwa wamezunguka kitanda kingine. Niliona haya kuwaita. Nikaandika sabini na nne, namba ya mwisho niliyoiona. Nikaandika tena. Na tena.

Bibi Figo alipita, akaisoma karatasi, akasimama.

"Mwanangu, mtu aliye hai hatulii hivi," alisema, wala si kwa ukali.

Akamgeuza mtoto, akabandika upya. Arobaini na nane, chini mno. Akashika ukingo wa kitanda, akanong'ona sala. Sikujua kwamba naye huogopa. Daktari aliitwa, dawa ya kuinua presha ikaongezwa, na kwa saa mbili tuliitazama namba ikipanda kwa mwendo wa konokono, mama wa mtoto, mshonaji nguo, akituuliza kwa macho. Figo zilipona.

Bibi Figo hakunihoji. Kesho yake alisogeza kiti changu karibu na chake, akaniambia haya nizivae nikienda ukweni.

Hofu yake imewalinda watoto wengi. Kuanzia Jumatatu itabidi tuogope wenyewe. Asante, mama yetu. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele ya mashine.

Nawe msomaji, nimekuamini. Yule mshonaji bado humleta mwanawe kliniki, na kila akija hunishika mkono akinishukuru. Tafadhali, jambo hili asilisikie kwako.