Simu Ndani ya Sufuria

Siku hiyo kahawa ilinywewa kwa kunong'ona. Simu zote za kijiweni zilikuwa ndani ya sufuria, mfuniko juu, tofali juu ya mfuniko, na Mama Birika, muuza kahawa, alikatazwa hata kugonganisha vikombe. Kisa ni Kinyozi. Jana yake alisema papa hapa, kwa raha zake, kwamba mama mkwe wake akilala anakoroma kama jenereta bovu. Jua halijazama, mkewe alishayajua yote, mpaka hilo jenereta. Kinyozi akafungiwa mlango, akalala dukani kwenye kiti cha kunyolea. Mama Birika alimimina kahawa huku ameinamisha macho. Yeye ndiye aliyeipeleka habari ile, tena ya motomoto, na mkoromo wenyewe aliuigiza.

— Nataka kurudi kwangu, — Kinyozi akalalama. — Nani kanichongea?

— Simu, — akajibu Mzee Karatasi, muuza vitabu vikuukuu, akiipigapiga riwaya isiyo na jalada. — Hii imeandikwa hatujazaliwa, na yote imeyasema. Kuna mji humu, kila taa imeunganishwa na mwenzake. Ukinong'ona jikoni, taa ya jikoni inaiambia ya barabarani, ya barabarani inaiambia serikali.

— Halafu serikali inamwambia mke wangu?

— Kwani ina kazi gani nyingine?

Fundi Waya, mtengeneza redio, akasonya.

— Simu ni kitoto tu. Mkubwa wao ni nguzo ile ya umeme. Hamwoni ilivyoinama? Inatusikiliza.

— Ile iligongwa na lori, wewe! — Mzee Karatasi akapinga.

— Na lori lilitumwa na nani?

Wote wakaitazama nguzo. Kinyozi akashusha sauti zaidi.

— Mimi hata hili birika silielewi. Lina mdomo, na kijiweni halikosi hata siku moja.

— Koma! — Mama Birika akang'aka. — Birika langu lisisingiziwe!

Roho ilimuuma. Miaka yote hiyo kaufanyia mtaa kazi hiyo kwa miguu yake, magoti yakimlia, leo sifa apewe nguzo?

— Jamani, — akajikohoza, — hamshuku hata mtu? Mtu mzima, mwenye masikio yake mazuri?

— Mtu gani awe na kasi hiyo, mama? — Fundi Waya akacheka. — Hii ni mitambo.

Neno hilo lilimchoma kuliko mvuke wa birika.

Mzee Karatasi akafunua riwaya yake.

— Dawa iko humu. Jamaa mmoja wa mji huo alizidanganya taa. Akawa anaisifia serikali hata akioga.

— Ikawaje?

— Sijui. Kurasa za mwisho mke wangu alifungia sabuni.

Basi simu zikatolewa. Kinyozi akazishika zote kama shada la maua, akazipazia sauti.

— Mama mkwe wangu! Mkoromo wake ni mvua juu ya bati, unabembeleza!

— Ongeza! — Fundi Waya akahimiza, ameikumbatia nguzo ili maneno yapite vizuri.

— Nyumba bila yeye imepooza! Natamani aje leo, akae moja kwa moja!

Mama Birika akasimama, akasema kahawa imekwisha. Birika lilikuwa limejaa hadi shingoni. Akakata kona ya soko, na safari hii hakwenda kwa mke. Alikwenda kwa mama mkwe mwenyewe.

Wale wakaendelea kumsifia mama mkwe mbele ya nguzo mpaka sauti zikakauka. Mara wakaliona godoro linakuja juu ya mkokoteni, mama mkwe anausukuma mwenyewe, jasho linamtiririka, kicheko hakimtoki. Nyuma yake Mama Birika kabeba mto.

— Mkwe wangu, mwanangu! — mama yule akamkumbatia Kinyozi. — Nimeyasikia yote. Mwenzio kakusamehe, anakungoja.

— Nguzo hii kiboko! — Fundi Waya akanong'ona.

— Ila nikuulize, baba, — mama mkwe akasema. — Chumba chenu kimoja, kitanda kimoja. Mimi nitalala upande gani?

Fundi Waya akaiachia nguzo. Mzee Karatasi akapekua riwaya, ukurasa baada ya ukurasa. Kinyozi akafungua mdomo, akazitazama zile simu mkononi, akaufunga.

Mama Birika akauweka mto kwenye benchi, akaukalia vizuri, akatega sikio.