Mama Matundu: Miaka Thelathini na Miwili ya Kuisikiliza Ngome Yetu

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi mitatu ya utumishi, mkuu wa tathmini ya ulinzi wa klabu yetu anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti, siku sita kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Kwenye barua za ofisi ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Uwanjani, kuanzia kwa mwenyekiti hadi kwa mkata tiketi, anaitwa Mama Matundu, kwa sababu kazi yake imekuwa kuyatafuta matundu ya ngome yetu kabla wapinzani hawajayaona. Ile methali ya ufa na ukuta amesomewa kila Agosti tangu aanze kazi, na ameomba kwenye sherehe hii asisomewe tena. Tumekubali shingo upande.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Ofisi yake ilikuwa chini ya jukwaa, nyuma kabisa ya goli la kaskazini: meza moja, taipureta moja, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili mashabiki wasichungulie barua za usajili. Kwa hiyo mechi zote za miaka yake miwili ya kwanza alizisikia tu, hakuona hata moja. Alipiga barua huku mabeki wetu wakiitana nje, "Wangu!", "Toka!", "Nyuma yako!", na taratibu akagundua kwamba kila tulipofungwa, sekunde chache kabla mashabiki wa wageni hawajalipuka kwa shangwe, mabeki wetu walikuwa wamenyamaza. Yeye hakuona ajabu yoyote. Nyumbani alikuwa na watoto wanne, na mzazi yeyote anajua kwamba watoto wakipiga kelele jikoni huna haja ya kuinuka. Wakinyamaza ghafla, kimbia.

Kocha wa wakati huo, mzee mmoja ambaye inasemekana alilala na filimbi shingoni, alipoambiwa habari hizi alicheka mpaka akapaliwa. Akamkumbusha kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Mpiga chapa akamjibu, kwa adabu zote, kwamba yeye angependa kulindwa na madebe manne yanayovuma kuliko makabati manne yaliyonyamaza. Jumamosi iliyofuata kocha alikuwa amefungiwa kukaa kwenye benchi kwa kumtolea refa maneno, akaja kujificha ofisini kwa mpiga chapa. Dakika ya hamsini na tatu mama aliinua kidole kutoka kwenye taipureta na kusema tunafungwa sasa. Tukafungwa. Dakika ya sabini na nane akainua kidole tena, na kocha akamsihi akishushe. Tukafungwa hivyo hivyo. Jumatatu taipureta alipewa mtu mwingine, na mama akapewa daftari.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya msimu, Mama Matundu amekaa mechi nne za kirafiki kwenye benchi la saruji nyuma ya goli, mwavuli mkononi, daftari pajani, macho yamefumbwa. Hakutaka kuona, maana alisema macho hufuata mpira na mpira hauna siri. Aliandika nani kaita, nani kaitika, nani kakaa kimya. Beki mmoja mpya, kijana wa watu mwenye malezi mema, alidhani bibi wa watu kapitiwa na usingizi, akavua sweta lake akamfunika miguu. Ripoti ilipotoka, tundu la kwanza lilikuwa yeye. Mama aliandika kwamba ana huruma sana ila haongei, na kwamba sweta limefuliwa, akalichukue ofisini.

Ripoti zake hazikuzidi ukurasa mmoja na nusu. Ndefu kuliko zote ilikuwa ya mwaka wa matundu kumi na tisa, ambayo kocha mwingine, anayejiamini kupita kiasi, aliifungia kwenye droo. Mwaka huo tulifungwa mabao sitini na moja, na nusura tushuke daraja; tuliokolewa na pointi moja siku ya mwisho, roho mkononi. Kocha alipokuja kukabidhi ofisi, droo ilifunguliwa mbele ya kamati na mabao yakalinganishwa na matundu moja baada ya jingine. Hakuna tundu lililokosa bao lake. Ripoti ya Mama Matundu haikulala tena kwenye droo ya mtu.

Mume wake ni fundi cherehani, na hupenda kusema kwamba wamegawana kazi vizuri, mmoja anatafuta matundu na mwingine anayaziba. Analalamika tu kwamba kwa miaka yote hii hajaruhusiwa kusoma gazeti kimyakimya. Akinyamaza zaidi ya dakika tano, mkewe anatokea mlangoni kuuliza kuna nini.

Hapa lazima mwandishi wa wasifu huu ajitaje, ingawa si kwa sifa. Mimi ndiye niliyeletwa kumwondoa.

Msimu wa juzi tulifungwa mabao arobaini na saba, na ishirini na tisa kati ya hayo yalipita katikati, baina ya mabeki wetu wawili wa kati. Mmoja wao ni nahodha, aliyekuwa na miaka thelathini na mitatu na misimu kumi na mmoja ndani ya jezi yetu. Wenzake watatu walijaribiwa kando yake mmoja baada ya mwingine, wote wakashindwa, na wote wakanung'unika kwamba nahodha ametia pamba masikioni, kwamba ukubwa umempanda kichwani na haambiliki. Mkurugenzi wa ufundi akaamua dawa ni kompyuta, si daftari la Mama, nami nikaajiriwa kukata video. Wachezaji waliniita Fundi Picha. Niliyakata mabao yote arobaini na saba, nikayachorea mishale myekundu, nikatoa ripoti ya kurasa sitini na mbili yenye hitimisho moja: miguu ya nahodha imekwisha, mkataba wake usiongezwe. Kamati ilipangiwa kukaa Alhamisi kulipitisha. Nilijiona nimefika.

Mama Matundu aliisoma ripoti yangu yote, jambo ambalo nadhani hata mkurugenzi hakulifanya. Aliniuliza swali moja tu, kwamba mbona video zangu hazina sauti. Nikamweleza kwa upole wa mtu anayemfundisha bibi kutumia simu kwamba sauti nimeifuta makusudi, kwa sababu inajaza nafasi kwenye kompyuta na haina kazi. Alichukua mwavuli wake akaenda kwenye mechi ya mwisho ya kirafiki.

Nahodha alicheza beki wa kati upande wa kulia, kwa hiyo mwenzake siku zote alikuwa kushoto kwake. Siku ile Mama aliandika daftarini kwamba mwenzake amemwita mara kumi na moja na hakuitikiwa hata mara moja. Beki wa kulia alimwita mara sita na akaitikiwa zote sita. Kesho yake asubuhi, nahodha akiwa anakunywa chai kantini, Mama alipita kushoto kwake akamwambia kamba ya kiatu imefunguka. Nahodha akaendelea kutafuna mkate. Mama akazunguka meza, akapita kulia, akasema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Nahodha akainama chini ya meza kuangalia.

Alikuwa amevaa kandambili.

Walizungumza wawili tu, na yaliyosemwa nayaandika kwa ruhusa ya wote. Homa kali iliyompata mwanzoni mwa msimu ule, Mama akiwa ameshatoa ripoti ya mwaka, ilikuwa imeondoka na sikio lake la kushoto. Hakumwambia daktari wa timu, wala kocha, wala mama yake mzazi, akihofia kwamba siku watakayojua ndiyo siku atakayovua jezi. Aliyejua ni mkewe peke yake, ambaye bila maneno mengi alihamia upande wa kulia wa kitanda. Hao wenzake watatu waliodhani anawadharau, aliwaacha wadhani hivyo, na hilo ndilo lililomla moyo zaidi. Mtu mzima yule alilia kantini. Mama alimwacha alie, kisha akampa masharti kama anavyowapa wanawe: mpaka Jumatano jioni awe amemwambia daktari mwenyewe kwa mdomo wake. Siri ya mtu hangeitoa yeye, lakini tundu hangeliacha bila kuliandika.

Jumatano asubuhi nahodha alionekana akizunguka mlango wa daktari mara tatu. Mara ya nne aliingia.

Alhamisi kamati ilikuwa na ripoti mbili mezani, ya kwangu yenye kurasa sitini na mbili na ya Mama yenye mistari mitano. Ya kwake ilisema kuna tundu moja tu. Nahodha ahamishwe kutoka kulia kwenda kushoto, ili mwenzake na kipa wamwitie sikio zima. Beki wa kushoto asimwite kwa mdomo, amwonyeshe kwa mkono. Miguu ya nahodha haina tatizo. Sababu anayo mwenyewe na ameshaisema panapostahili. Daktari akathibitisha. Mjumbe mmoja akauliza kama kweli klabu inaweza kuukabidhi msimu mzima kwa mtu wa sikio moja, na Mama akamjibu kwamba walikuwa tayari kuukabidhi kwa video zisizo na masikio kabisa.

Wote walinigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi ofisini, nikatafuta picha za awali kabla sijazifuta sauti, nikayasikiliza mabao yale ishirini na tisa. Kwenye ishirini na mbili, mwenzake nahodha anasikika wazi akimwita, mara nyingine mara tatu mfululizo, na sauti ya mwisho ni ya mtu aliyekata tamaa. Yote yalikuwemo. Nilikuwa nimeufuta ushahidi kwa mkono wangu ili faili zisiwe nzito. Nilikwenda kumwomba Mama radhi, na badala ya radhi akanipa kazi: wiki tatu nikae kwenye benchi la saruji nimeupa uwanja mgongo. Siku ya kwanza niliandika neno moja, "kelele". Alinirudishia karatasi bila hata kuisoma mara ya pili.

Msimu uliofuata kila mtu aliyepo hapa anaujua, lakini acha niusimulie, maana hauchoshi. Mechi thelathini, mabao kumi na manne tu ya kufungwa, machache kuliko timu yoyote kwenye ligi. Mwenzake nahodha, wa mwisho kati ya wale watatu, aliyekuwa ameapa kuhama, alibaki, na wawili hao wakawa wanapayuka uwanjani kama wauza samaki. Mechi ya mwisho tulihitaji kushinda ili tuwe mabingwa baada ya miaka kumi na tisa ya kuwapigia wengine makofi. Tuliongoza bao moja. Dakika ya tisini na tatu wakapata kona, na timu yao yote, kipa wao akiwemo, ikaja kwenye boksi letu. Nilikuwa kwenye benchi la saruji kando ya Mama. Yeye alifumba macho, nami nikafumba. Niliwasikia mabeki wetu wote wanne, nikamsikia kipa, kisha nikamsikia mwenzake nahodha akipiga ukelele, "Wako! Wako!", na kilichofuata ni mlio wa kichwa kikiukung'uta mpira. Filimbi ikalia. Nilipofumbua macho, Mama alikuwa ameshafunga daftari na anatafuta mwavuli wake. Nilimkumbatia bila kumwomba ruhusa.

Nahodha hakwenda moja kwa moja kwenye kombe. Alikimbia nyuma ya goli, akaruka mabango ya matangazo, akasimama mbele ya Mama na kugeuza kichwa, akimpa sikio la kulia ili aambiwe neno. Alichoambiwa hajakisema mpaka leo. Wiki iliyopita, nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari za sikio lake, alisema niandike kila kitu, na nisisahau kutaja kuwa ni la kushoto, kwa sababu amechoka kuonekana ana kiburi kwa watu wanaomsalimia upande huo. Mkataba wake umeongezwa.

Ripoti ya msimu huu nimeiandika mimi, kwa mara ya kwanza. Ina ukurasa mmoja na robo, na video zangu zote zina sauti. Nilimpelekea Mama nyumbani, nikakaa sebuleni nikisikiliza cherehani ya mumewe ikienda, huku yeye akisoma na penseli nyekundu mkononi. Kwa mwaka mzima penseli ile imenichinja. Safari hii aliandika neno moja chini ya karatasi, akaikunja, akanirudishia. Nilisubiri mpaka nilipofika barabarani ndipo nikaifunua. Aliandika: "Umesikia."

Mama, klabu inakushukuru. Wanakushukuru makocha tisa uliowaokoa, na mmoja ambaye hakutaka kuokolewa. Wanakushukuru mabeki wote uliowafumbua midomo, na nahodha uliyemrudishia jezi yake na heshima ya wenzake. Nakushukuru mimi, niliyekuja kukuondoa nikaishia kuwa mwanafunzi wako. Tunakuombea afya, umri mrefu, na nyumba isiyokosa kelele za wajukuu. Benchi la saruji tumelipaka rangi na hakuna atakayeikalia nafasi yako, upande ule wa nguzo. Sauti zetu zinafika mpaka kwenu upepo ukiwa mzuri. Siku ukisikia tumenyamaza, Mama, kimbia uje.