Mzee Sumaili na Njia ya Kuzunguka Ziwa

Leo, siku ya nne ya Mfungo Mosi, mwaka 1308, yaani Mei 1891, Mzee Sumaili bin Ramazani anastaafu baada ya miaka kumi na saba ya kutunza njia inayozunguka ziwa katika shamba la Bwana Sudi, hapa Kindu. Mimi, Asumani wa bustani, nimepewa kazi ya kumsifu, naye ameniomba nifupishe kwa kuwa pilau inapoa.

Alifika kama mpagazi mwenye kisigino kibovu. Bwana Sudi akamwonyesha pori lililozunguka ziwa, akamwagiza afyeke njia ya wageni. Mzee akafyeka, akapanda milimau upande wa maji, akaipitisha njia kwenye mabaki ya kambi ya wafanyabiashara wa kwanza na makaburi yao, mpaka kwenye michikichi ya ng'ambo, kisha ikarudi barazani kwa Bwana.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya Ramadhani. Baada ya alasiri, njaa inapoanza kuuma, huwazungusha wageni ili jua lishuke bila wao kulitazama. Mwaka wa kwanza alijisahau akiwaonyesha viboko. Adhana ya magharibi ikawakuta ng'ambo, wakafuturu kwa maji ya ziwa yenye matope, na mgeni mmoja wa Kibombo akanuna mpaka Idi. Tangu hapo Mzee huweka ndizi mbivu na mtungi wa maji safi chini ya michikichi. Tulimtania sana, naye alicheka kutushinda.

Miaka mitatu iliyopita magoti yalimchoka, akaomba kupumzika. Bwana Sudi, aliyetaka kukausha ziwa apande mpunga, alijibu kwamba siku Sumaili atakapoacha kutembea, njia nayo basi. Mzee akafunga magoti kwa vitambaa, akaendelea. Kila jioni mkewe, Bi Halima, alimkanda huku akisema, kwa sauti iliyofika barazani, kwamba Bwana naye angejaribu kutembea kwa magoti yale. Iliniuma sana kuyaona hayo.

Ramadhani hii iliyokwisha, mgeni mmoja kutoka Nyangwe alikataa kuzunguka bila mwenyeji wake. Ndipo tukagundua kwamba Bwana Sudi hajawahi kuipita njia yake mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo aliwatuma wageni, yeye akabaki barazani. Siku hiyo alikwenda, nami nilikuwa nyuma yao. Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti ya Mzee, na adhana ikatukuta ng'ambo. Bwana alifuturu ndizi, akaitazama nyumba yake kwa mara ya kwanza kutoka upande ule, maji yakiwa mbele yake, akakaa pale mpaka giza likaingia. Kisha akasema mpunga ukalimwe kwingine, njia ibaki, Asumani aitunze, Sumaili apumzike. Mzee aliketi chini palepale akalia, wala hakuona haya.

Mzee wetu, ahsante kwa kivuli chote ulichotupandia. Tunakuombea wewe na Bi Halima afya, raha na jioni nyingi za pamoja nyumbani. Keti, Mzee. Njia ipo, hata wewe ukikaa.