Kikosi cha Kubeba Jeneza Langu

Birthe, zima redio. Jørn, acha kupima madirisha kwa macho, nimekuona. Nyumba hii bado ina mwenyewe. Vuteni viti mkae hapa miguuni pangu, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho wala msinikatize, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na mwenyewe anaweza kuja kuichukua wakati wowote.

Nyumba ni yenu wote wawili, na mkitaka kuiuza uzeni, ila Flemming asiinunue. Huyo mwenyekiti wa klabu amekuja hapa mara nyingi mno mwezi huu, na mtu ambaye siku niliyofukuzwa ukocha hakuniletea hata ua moja hawezi leo kuniletea sanamu ya shaba bila kuwa na lake jambo. Mwambieni sitaki kusimamishwa langoni pa uwanja wetu hapa Havrum ninyeshewe mvua kwa faida yake. Jezi za timu ya taifa achukue Birthe, medali za Ujerumani achukue Jørn, na msichunguliane nani kapata nzito.

Sasa jeneza. Wabebaji ni sita, na walio karibu zaidi na marehemu hushika upande wa kichwani, hilo mnalijua. Kikosi hicho nakipanga mwenyewe, kama nilivyopanga vikosi maisha yangu yote, na mnakumbuka nilikuwa sitangazi majina mpaka basi lifike uwanjani, kwa kuwa nilijua ndani ya basi yumo mtu atakayeyavujisha. Wachezaji waliniita Kufuli. Kwenye fainali nilimtoa mlinzi wangu bora wa kushoto kwa sababu nilimwona akicheka na wapinzani kwenye ngazi za hoteli. Tulishinda, kombe likaja Copenhagen, na kijana yule hakunisalimu tena, na mimi sikujali. Mtu akishasalitiwa mara moja hujizoeza kutazama midomo ya watu.

Aliyenizoeza ni Aage Bonde, huyu huyu anayekuja kila Alhamisi na keki zake za mdalasini. Siku zile tulicheza kwa ridhaa, bila malipo, mimi fundi bomba, yeye muuza maziwa, na aliyetia saini kulipwa nje ya nchi alifutwa timu ya taifa siku ile ile, kama mwizi. Wajerumani walinitaka. Nikapanga nicheze kwanza na Sweden, kisha ndipo nitie saini. Niliwaambia watu wawili tu: mama yenu Grethe, Mungu amrehemu, na Aage, kipa wetu, rafiki yangu tangu tukichezea mpira wa matambara. Siku ya mechi wakubwa wa timu wakaja chumba cha kubadilishia nguo, wakanivua jezi soksi moja ikiwa tayari mguuni. Nikasikilizia mechi ile redioni, nikilia. Na habari ilivuja nzima nzima, hata roshani ya nyumba niliyoahidiwa na Wajerumani. Nilipopita dukani watu wazima walinipigia kelele, "Verner, roshani inakungoja! Ukatupungie mkono, Mjerumani wetu!"

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kwamba Aage asiguse jeneza langu, asikae kwenye kahawa inayonywewa baada ya mazishi, na watu watakaposimama mmoja mmoja kusimulia habari zangu, yeye asipewe nafasi ya kufungua mdomo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka jana.

Jana nilimbana. Nikamwambia, "Aage, mimi naondoka. Sema sasa. Habari ya roshani ulimpa nani?"

"Kunywa kahawa yako, Verner, inapoa."

"Sema, mzee mwenzangu."

"Roshani mimi niliisikia pale dukani walipokuwa wanakucheka. Wewe hukuwahi kuniambia habari ya roshani."

Nikamwita mwongo. Akainuka na nyonga yake mbovu, akatoka, akasahau kofia. Tangu hapo sijapata usingizi, maana Aage namjua. Bao likiingia kwa kosa lake mwenyewe, aliwafokea walinzi mpaka jukwaa zima lisikie. Mtu wa namna hiyo amebeba lawama yangu zaidi ya miaka hamsini bila kumtupia mwingine, kwa nini? Halafu nikakumbuka. Aage nilimwambia uwanjani, kabla mjumbe wa Wajerumani hajarudi na habari ya nyumba. Roshani nilimwambia mtu mmoja tu, jikoni, akimenya viazi. Nilidhani itamfurahisha. Kaka yake alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita na hakurudi, na mimi nimesimama pale namwelezea maua atakayoyapanda kwenye roshani ya Wajerumani. Aliendelea kumenya. Nadhani alitumaini habari ikitoka nitaaibika, nibaki nyumbani.

Birthe. Mbona unatazama sakafu? Nitazame mimi. Ulijua.

Mama yako alikuambia lini? Usilie, nijibu. Basi, usijibu. Mlijua wewe na Aage, mkaona heri nimchukie yeye kuliko nimchukie mama yenu. Miaka yote nawachunguza watu kwenye mabasi, na jambo lenyewe linakula viazi nami mezani.

Nipeni maji. Taratibu.

Nilazeni ubavuni mwa Grethe, kama tulivyopatana. Sina hasira naye. Hapana, ninayo, na ninampenda, na vyote viwili naenda navyo. Kule Ujerumani alikaa nami miaka tisa, na kwenye roshani ile hakutoka hata kuanika nguo. Nilidhani ni kiburi.

Andika, Jørn. Miguuni, Flemming na kijana wake, wapate picha yao ya gazetini. Katikati, watoto wawili wa dada yangu. Kichwani, wewe kushoto. Kulia, Aage. Kwa ajili ya nyonga yake, mwendo uwe wa kwake, na akisimama apumzike, simameni nyote. Kwenye kahawa mpeni kiti kando yenu. Akitaka kusema, aseme. Akinyamaza... msimwulize.

Mpendane. Mungu awatunze... awape mtu kama Aage, mmoja tu, na mumjue mapema kuliko mimi.

Kofia yake iko pale mlangoni. Mpelekee, Jørn, usingoje Alhamisi. Mwambie aje. Mwambie... nenda tu, mwanangu. Kimbia.