Mstari wa Chaki wa Mzee Nusu-Huku

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga hesabu za majengo, mwenzetu anayejulikana kampuni nzima kama Mzee Nusu-Huku anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi imeniomba mimi, msimamizi wa mafundi, niandike wasifu wake kwa kuwa nina maneno. Kweli ninayo. Nimejenga miji saba, nimepanda ndege mara mbili, na shule niliiacha darasa la sita kabla haijaniacha yenyewe.

Mzee aliingia hapa kijana mwembamba mwenye penseli sikioni. Penseli bado ipo, wembamba ulihama. Jina alilipata kwa tabia moja. Kabla hatujamwaga zege la paa au sakafu, alipanda juu ya mbao na uzi wake wa chaki, akapiga mstari katikati kabisa ya kila boriti mbili. Zege la upande huu, alisema, linalemea boriti ya huku. La upande ule, boriti ya kule. Nusu huku, nusu kule.

Hesabu yake hata mimi niliielewa. Tuseme kila mita ya mraba ya paa ina kilo mia tano, na boriti zimeachana mita nne. Boriti ya katikati inachukua mita mbili za kushoto na mbili za kulia, jumla nne. Zidisha: kila mita ya urefu wake imebeba kilo elfu mbili. Ya pembeni ina jirani mmoja tu, kwa hiyo mita mbili, kilo elfu moja. Basi. Hakuna jengo lililopita kwenye chaki ile likapata hata ufa wa kuingiza ukucha.

Lipo moja ambalo halikupita.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa tunajenga bwalo la wafanyakazi, hili hili tutakalofanyia sherehe ya kumuaga. Mzee akaitwa hospitali, mkewe anajifungua binti yao wa mwisho. Aliacha karatasi zake na ombi moja tu: asubiriwe aje apige chaki. Msimamizi wa mafundi, mtu hodari, mtanashati, mjuzi wa kila kitu, hakusubiri. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa boriti ya pembeni, akafunga nondo zile zile kwenye boriti zote. Boriti ni boriti, aliwaambia mafundi, wakacheka. Mbao zilipotolewa, boriti ya katikati ilishuka tumbo kama kitanda cha kamba. Hakuumia mtu, ila paa zima lilivunjwa.

Hodari huyo ni mimi.

Kwenye kikao cha kumtafuta mwenye kosa niliutafuta ulimi wangu, huu usiojua kupumzika, sikuuona. Nilikuwa na watoto wanne na kibarua kimoja. Mzee aliniangalia, kisha akawaambia wakubwa kwamba karatasi zake hazikuwa wazi. Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa ofisi ya michoro ukaenda kwa mwingine. Kesho yake alinikuta kazini, akaniuliza kama nimekunywa chai. Hakulitaja tena. Na mimi, bingwa wa maneno, nilikaa nalo kimya miaka yote hiyo, nikimwona akipokea amri kwa watu aliowafundisha kushika rula.

Wiki iliyopita nilimpelekea mkurugenzi barua ya kukiri niliyoiandika mwenyewe, na makosa yake ya herufi. Ile ya onyo imeondolewa. Faili la Mzee linafungwa safi. Langu limenenepa, na ninastahili. Ukuu ndio hauwezi kurudi, na hilo litaniuma hadi nami nistaafu.

Mzee wangu, asante kwa majengo yote yaliyosimama wima, na kwa watoto wangu wanne walioshiba. Binti yako aliyezaliwa siku ile atakaa nasi bwaloni, chini ya boriti ya katikati, ile tuliyoijenga upya kwa chaki yako. Mwambie asiangalie juu kwa wasiwasi. Miaka kumi na tisa umebeba upande usio wako. Leo nimekuja kuuchukua. Nenda ukapumzike, na siku zako zote ziwe nyepesi.